Mwalimu Fermina Anaomba Maji

Mwalimu Fermina Dawagan ni mfupi kiasi kwamba akiandika ubaoni, nusu ya juu ya ubao hubaki tupu mwaka mzima. Wavulana huichorea ndege na buibui, na yeye hafuti kwa sababu hafikii. Ana miaka arobaini na tisa, ni mjane, anafundisha hisabati, na ni mwalimu wa darasa wa la kumi na mbili. Alizaliwa Balangaw, akaolewa huku kwetu Sukdalan, na mpaka Februari mwaka jana hakuna aliyekumbuka kwamba hayo ni mambo mawili.

Balangaw iko juu, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na shule yao inaishia darasa la sita. Sisi tuna shule ya la saba mpaka la kumi, na nilipokuwa mdogo wakaongeza la kumi na moja na la kumi na mbili, mikondo miwili tu: mmoja wa wanaotaka chuo kikuu, mwingine wa ufundi, yaani useremala na upishi. Kwa hiyo mtoto wa Balangaw akimaliza la sita, ama anateremka kwetu ama anashika jembe. Huteremka Jumapili alasiri, mgongoni mchele na maharage ya wiki nzima, wanalala kwenye bweni la mabati nyuma ya shule, Ijumaa wanapanda kwao. Miaka sita ya kupanda na kushuka. Sisi tuliwatania kwamba wananuka moshi. Wao walitujibu kwamba hewa tunayovuta bondeni wamekwisha kuitumia wao.

Mtu akikosekana siku tano mfululizo, Mwalimu Fermina alichukua mwavuli wake mweusi na daftari la mahudhurio, akapanda. Hakugombana na mzazi yeyote. Alikaa jikoni, akala viazi vitamu vyao, akasubiri. Kuna baba mmoja alimficha binti yake ndani ya ghala la mpunga, akaapa kwamba mtoto ameenda mjini kufanya kazi. Mwalimu akasema sawa, akaomba kiazi kingine. Akala cha tatu, cha nne. Mwishowe ghala likapiga chafya. Yule binti sasa ni muuguzi.

Nayaandika haya ili mjue ni mtu wa namna gani, kwa sababu mambo yanayofuata wengine huyasimulia kama vile alikuwa simba. Hakuwa simba. Nilikuwepo. Aliogopa kuliko mimi.

Mwezi wa Januari shule yetu ilitundika bango. Kila shule hutundika: mwanafunzi akipata heshima ya juu, picha yake inachapwa kwenye turubai kubwa, inafungwa langoni, na kila anayepita na jipni, yale magari yetu ya abiria, anamwona. Safari hii alikuwa Rexon Lubbuag wa la kumi na mbili, mkondo wa chuo kikuu, wastani wa tisini na saba. Hatukuwahi kuwa na tisini na saba. Mwalimu Fermina mwenyewe ndiye aliyeandika maneno ya bango, na kwa furaha yake akaweka kila kitu: jina kamili, jina la baba, jina la mama, na chini yake kwa herufi nyekundu, BALANGAW. Rexon aliona aibu mpaka akawa anapita nyuma, kwenye uwazi wa ua, ili asipite chini ya uso wake mwenyewe.

Halafu ikaja ile Alhamisi.

Mimi naishi kwa bibi, mama yake mama yangu. Mama yuko Hong Kong anatunza mtoto wa watu. Asubuhi nilikuwa nafunga kamba za viatu pale Mjomba Banag alipoingia, akaketi kwenye benchi, akaniuliza shule inaendaje. Miaka kumi na tano Mjomba Banag hajawahi kuniuliza shule inaendaje. Nikafurahi, nikamwambia tunajiandaa kwa mtihani wa robo ya mwisho. Akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Yule kijana wa kwenye bango," akasema, "bado yuko?"

"Rexon? Yuko, mjomba. Anasoma mpaka Machi."

"Ana akili, eh? Na analala wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia bwenini, kitanda cha juu, upande wa dirisha. Nikaongeza hata kwamba huamka kabla ya wenzake akajisomee kule bombani kwa sababu kuna taa. Hakuna aliyenilazimisha. Yeye akasema vizuri, soma kwa bidii mwanangu, akatoka bila kunywa kahawa. Ndipo nikaona kwamba kahawa ilikuwa haijapikwa. Bibi alikuwa ameketi mbele ya jiko lisilo na moto, ameshika goti lake, anaangalia majivu.

Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia bila kugeuka kwamba jana jioni, mjini, kwenye pombe, mtu wa Balangaw alimchoma kisu Mjomba Sannad, mwanawe wa mwisho. Yuko hospitali. Hawajui kama atapona.

Kati ya Sukdalan na Balangaw kulikuwa na bodong, mapatano ya amani ambayo mababu walikula na kunywa juu yake. Damu ikimwagika, bodong inapasuka. Na kwetu kisasi hakimtafuti aliyekosa peke yake. Kinamtafuta yule ambaye ukoo wake utaumia zaidi kumkosa. Sio mlevi, sio mvivu. Wanamtafuta mhandisi, mwalimu, mwanasheria. Wanawake hawaguswi. Mvulana mwenye wastani wa tisini na saba, ambaye jina la baba yake limeandikwa langoni kwa herufi kubwa kama kichwa cha ng'ombe, huyo hahitaji hata kutafutwa.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilikuwa hakijafungwa na kikatoka njiani, sikukirudia.

Mwalimu Fermina alikuwa anaita majina. Nilisimama mlangoni nahema. Alinitazama mguu mtupu, akafunga daftari, akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake. Nikamweleza yote, na nililosema kuhusu dirisha na bomba. Nilidhani atanipiga. Aliuliza tu Mjomba Banag alitoka muda gani na alielekea wapi. Nikasema kama nusu saa, alielekea juu, kwenye kona ya matete.

Kona ya matete ndiyo njia pekee ya kwenda Balangaw.

Mwalimu mkuu akawaita watoto wote wa Balangaw ofisini kwake, ishirini na wawili, wakabanana kati ya makabati. Wasichana waliweza kwenda kwao wakati wowote. Wavulana wangesubiri mshika bodong, yule mzee anayetunza mapatano, awasindikize mpaka mpakani kama desturi inavyotaka. Lakini mshika bodong alikuwa mjini hospitalini, angerudi jioni. Mwalimu mkuu akasema basi tufunge mlango tusubiri jioni. Mwalimu Fermina akamuuliza mlango huo una komeo la namna gani. Mwalimu mkuu akalitazama. Lilikuwa kamba.

Mtu akapendekeza bango liondolewe. Mwalimu Fermina akasema liacheni, wamekwisha kuliona. Kisha akasema kitu ambacho sikukielewa mara moja. Alimwambia Rexon, "Vaa shati safi. Tunakwenda kunywa maji."

Mwalimu mkuu alielewa kabla yangu, akakaa kitini.

Kwetu, ukimpa mtu wa kijiji kingine maji ndani ya nyumba yako, naye akanywa, huyo ni mgeni wako. Hakuna wa nyumba hiyo atakayemgusa mpaka atoke kwenye ardhi yenu, hata kama amefanya nini. Ukimnyima, nalo ni jibu. Mwalimu Fermina angeweza kwenda nyumba yoyote ya Sukdalan, nyumba ya rafiki, nyumba ya marehemu mumewe. Lakini maji ya nyumba nyingine yasingeifunga mikono ya wajomba zangu. Alikuwa anakwenda kwa bibi yangu, mama yake aliyechomwa.

Tulipita katikati ya kijiji saa nne asubuhi. Jua lilikuwa kali, akafungua mwavuli, akaunyanyua mkono wote ili umfunike na Rexon, ambaye amemzidi kichwa kizima. Mimi nilikuwa nyuma na kiatu kimoja. Watu wanaotusalimia kila siku walikuwa wanaingia ndani. Mama mmoja aliyekuwa anatwanga mpunga aliacha mchi hewani mpaka tukapita. Nilikuwa naangalia shingo ya Rexon. Alikuwa amenyolewa juzi tu kwa ajili ya picha za kumaliza shule, na shingo yote ilikuwa wazi.

Uani kwetu walikuwepo wanaume watano. Mjomba Banag alikuwa amerudi. Wote walikuwa na panga kiunoni, ambalo si jambo geni, kila mtu huenda shamba na panga. Ila hapo uani kulikuwa na jiwe la kunolea, na lilikuwa limelowa.

Mwalimu Fermina alifunga mwavuli. Hakuwasalimia. Alipanda ngazi, akaingia ndani, akasimama mbele ya bibi, na sisi nyuma yake. Wanaume wakaingia nyuma yetu, na mlango ukawa na giza.

"Apo," alisema, ndivyo tunavyowaita wazee, "nimekuja na mwanafunzi. Ana kiu. Tunaomba maji."

Bibi hakuinua uso. Mjomba Banag ndiye aliyejibu, kwa upole uleule wa asubuhi.

"Mwalimu, kuna bomba shuleni."

"Sijakuomba wewe, Banag. Wewe nilikufundisha kugawanya mwaka mzima na mpaka leo hujui."

Mmoja wa wale wanaume alicheka kidogo, akanyamaza upesi kana kwamba ameungua. Niliona mkono wa Mwalimu ulioshika mwavuli. Ncha ya mwavuli ilikuwa inagonga sakafu ya mbao, tik tik tik, na hakuweza kuizuia.

Bibi akamwangalia Rexon kwa mara ya kwanza. Alimuuliza kama anamjua mwanawe Sannad. Rexon akasema anamjua kwa sura tu.

"Na aliyemchoma, ni nani wako?"

Nilimwomba Mungu Rexon adanganye. Ningekuwa mimi ningedanganya. Angesema simjui, angesema wa ukoo mwingine, na nani angekwenda kuhakikisha? Mwalimu Fermina alifumba macho.

"Ni mjomba wangu, Apo. Tumbo moja na mama."

Mbao zikalia nyuma yetu, mtu amehamisha mguu. Chini ya nyumba kuku alikuwa anakwaruza. Bibi akauliza yuko darasa la ngapi. La kumi na mbili, alisema Rexon. Bibi akauliza tangu lini anateremka kwetu. Tangu la saba, akasema.

"Miaka sita unabeba mchele kuja kusoma hapa."

"Ndiyo, Apo."

"Ukifa, mama yako anabaki na nani?"

Rexon alisema wadogo zake wawili, wasichana. Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia bei ambayo alikuwa ameikisia. Yeye pia anajua habari ya watoto, maana kati ya saba amezika watatu.

Alisimama mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Alikwenda kwenye mtungi, akachota kwa kikombe cha bati, akanywa funda moja yeye kwanza, akampa. Rexon alikishika kwa mikono miwili. Maji yalimwagika kwenye lile shati safi.

"Yote," alinong'ona Mwalimu Fermina. "Kunywa yote."

Akanywa yote. Bibi akachukua kikombe, akakigeuza juu chini ili kila mtu aone, na akamwambia Mjomba Banag: "Huyu ni mgeni wangu. Utampeleka mpakani. Akijikwaa tu njiani, nitakuuliza wewe." Kisha akanigeukia mimi, akaniambia niende nao, nione kwa macho yangu, nirudi nimwambie.

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Mjomba Banag mbele, Rexon, Mwalimu, mimi. Kwenye kona ya matete wanaume watatu walikuwa wameketi kando ya njia. Mmoja ni binamu yangu aliyenifundisha kuogelea. Walisimama. Mjomba Banag hakupunguza mwendo, alisema neno moja tu, "Amekunywa," nao wakageuza nyuso zao upande wa bonde, kama watu wanaotazama mvua inakotokea. Tulipita karibu nao kiasi cha kusikia harufu ya tumbaku. Mpaka leo mgongo wangu unajua mahali pale.

Mpaka ni kijito. Rexon alivua ndala, akaingia majini. Mjomba Banag alimwambia, bila hasira, kwamba leo amekunywa, kesho ni siku nyingine. Rexon akaitikia ndiyo, mjomba, maana ndivyo tunavyomwita kila mwanaume mkubwa. Nikaona Mjomba Banag anakunja uso, kana kwamba amechomwa na mwiba. Kijana akapanda upande wa pili bila kugeuka, na Mwalimu akabaki amesimama pale mpaka majani yakaacha kutikisika.

Wale wengine walisindikizwa jioni ileile na mshika bodong. Jumapili, Mjomba Sannad akafariki. Bodong ikarudishwa, yaani mapatano yakavunjwa rasmi, na kutoka siku hiyo hakuna mtu wa Balangaw aliyekanyaga Sukdalan.

Ikabaki miezi miwili ya shule. Watoto ishirini na wawili, na kati yao sita walikuwa wa la kumi na mbili, wamebakiza mtihani mmoja tu. Mwalimu mkuu alisema hana la kufanya, atawaandika kwamba wameacha. Mwalimu Fermina akamkumbusha kwamba kanuni inamruhusu mwanafunzi kusomea nyumbani kwa moduli, vile vijitabu tulivyotumia wakati wa ugonjwa ule tuliofungiwa majumbani. Akavichapa mwenyewe. Kila Jumatatu alikwenda kijitoni na mfuko wa plastiki, akauweka juu ya jiwe, akachukua kazi za wiki iliyopita, akarudi. Watu wa kwetu walisema anapeleka habari. Watu wa kwao walimtumia ujumbe kwamba aangalie asije akafuatwa. Kuna asubuhi alikuta paka wake amekufa mbele ya mlango, na huenda ni ugonjwa tu. Tangu hapo alianza kuweka dawati nyuma ya mlango wakati anafundisha.

Siku ya mtihani wa mwisho alinichukua nimsaidie kubeba karatasi za masomo yote. Wale sita waliteremka, Rexon wa mwisho, amekonda. Walikaa juu ya mawe upande wao wa kijito, ubao wa kuandikia mapajani. Mwalimu aliingia kijitoni akasimama mbele yao, maji yakimfika vifundoni. Akatangaza kwamba wana muda wa saa mbili, kama vile wako darasani.

Nusu ya muda ilipokwisha kupita nilisikia matete nyuma yangu. Nikageuka. Mjomba Banag alikuwa ametoka, amesimama hatua kama ishirini kutoka kwetu, panga mkononi na si kiunoni. Peke yake. Akachuchumaa, akaliweka panga juu ya magoti, akatulia akimtazama Rexon.

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa amekwisha kumwona. Watoto walikuwa wameinama, hakuna aliyejua. Akafungua mwavuli taratibu, ingawa kulikuwa na mawingu, akasogea hatua tatu mpaka akawa kati ya panga na kijana, yeye mtu wa kimo kile.

"Zimebaki dakika arobaini na tano," alisema. "Anayemaliza mapema arudie swali la sita."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Dakika arobaini na tano. Nilizihesabu zote. Mjomba Banag hakuondoa macho. Kama alikuja kuua au alikuja kuzuia mwingine asiue, sijamuuliza, na tunakula meza moja. Mwalimu aliposema wekeni kalamu chini, aliinuka, akajipangusa suruali, akarudi matetani.

Watoto walipanda kwao upesi, mmoja mmoja. Mwalimu alikusanya karatasi, akanipa nizihesabu, akaniambia nihesabu tena. Zilitimia. Kisha akaketi ndani ya kijito, majini, na sketi yake ya shule, mwavuli ukiwa wazi pembeni.

"Maylin," akasema, "nishike mkono. Miguu imekataa."

Nilimvuta mara mbili akanishinda, mfupi vile lakini mzito kama gunia lililolowa. Tukakaa wote wawili majini mpaka miguu ikakubali.

Rexon alifaulu. Yuko chuo sasa, mwaka wa kwanza. Chuo gani na mji gani, Mwalimu Fermina anajua, mimi nimekataa kuambiwa.